Sura ya Saba: Upole wa Mbwa wa Mbio

Mtu anayetaka mbwa wa kukaa naye nyumbani aghalabu humtaka angali mdogo, na hoja yake husikika kuwa ya busara: kwamba kiumbe anayeanza maisha mikononi mwako atakuwa na hulka utakayomlea nayo, ilhali aliyekwisha kukua ametengenezwa na mikono ya wengine, wala haijulikani aliona nini na alifundishwa nini. Mimi naona hoja hiyo ina nusu ya kweli tu. Mtoto wa mbwa ndiye fumbo, kwa kuwa hakuna ajuaye atafika kimo gani wala atakuwa na moyo wa namna gani. Bali mbwa wa miaka minne amekwisha kujidhihirisha, kimo chake kimekoma, meno yake yametimia, na tabia yake, ya ukali au ya upole, iko wazi mbele ya kila anayetaka kutazama. Taabu ni kwamba kutazama kwenyewe ni kazi, na mbwa anayeidhihirisha kazi hiyo kuliko wote niwajuao ni greihaundi aliyeachishwa mbio: mkubwa wa umbo, mpole kupita kiasi, na ambaye upole wake husomwa vibaya na familia nyingi zinazompokea.

Yafaa kwanza ijulikane ametoka wapi. Greihaundi ni wa jamii ya mbwa wawindao kwa macho, si kwa pua, na mwenziwe katika jamii hiyo ni saluki, mbwa mwembamba wa majangwani ambaye mabedui walimpa heshima wasiyowapa mbwa wengine. Kwa karne nyingi huko Uingereza na Ireland greihaundi alifukuza sungura wa kweli mashambani, mchezo uliopendwa na wenye ardhi. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, Mmarekani aitwaye Owen Patrick Smith akabuni sungura wa bandia avutwaye kwa mtambo kuzunguka uwanja, na mwaka 1919 uwanja wake ukafunguliwa Emeryville, California. Mchezo haukukawia kuvuka bahari. Tarehe 24 Julai 1926, katika uwanja wa Belle Vue mjini Manchester, watu wapatao 1,700 walihudhuria mbio za kwanza za namna hiyo nchini Uingereza, na baada ya muda mfupi waliokuja walihesabiwa kwa maelfu, kwa sababu mbio za farasi zilifanyika mchana na mbali, na hizi zilifanyika jioni, karibu na viwanda na nyumba za wafanyakazi, hata mtu akaweza kutoka kazini, akala chakula chake, akaweka shilingi yake juu ya mbwa aliyempenda, akaipoteza, na bado akawahi kulala.

Mbwa mmoja wa zama hizo alipata sifa ambayo wanadamu wachache huipata. Mick the Miller, mzaliwa wa Ireland, alishinda mbio kuu za Uingereza mwaka 1929 akazishinda tena 1930, akaingizwa katika sinema, na alipokufa mwaka 1939 mwili wake ukahifadhiwa, nao hata leo umesimama ndani ya kioo katika jumba la makumbusho la Tring, kaskazini-magharibi ya London. Lakini Mick alikuwa mmoja. Waliokimbia nyuma yake na baada yake walikuwa maelfu yasiyo na lakabu wala sinema, na mbwa aliyekwisha mbio zake akiwa na miaka mitatu, minne au mitano, ilhali umri wa jamii yake hufika miaka 12 na hata kupita, alikuwa mzigo kwa mwenyewe aliyemnunua kwa ajili ya fedha. Wengi waliuawa. Sioni faida ya kulisitiri neno hilo, maana familia inayomchukua mbwa wa namna hii imeingia, ijue isijue, katika hesabu ambayo upande wake mwingine ni huo.

Fikira ya kwamba mbwa asiye na mtu anastahili maskani si kongwe kama tudhaniavyo. Mwaka 1860 mwanamke wa London, Mary Tealby, alifungua katika mtaa wa Holloway nyumba ya kuwapokea mbwa waliopotea na wenye njaa, akachekwa magazetini kana kwamba amerukwa na akili, kwa hoja ambayo haijaacha kutumika hadi leo, kwamba binadamu wenye njaa hawajaisha. Nyumba ile ikahamia Battersea mwaka 1871, naye Tealby alikuwa amekwisha fariki, na ingali ipo. Kwa greihaundi peke yao ilibidi kungojea hadi katikati ya miaka ya 1970, lilipoundwa huko Uingereza shirika la hisani la kuwatafutia majumba waliostaafu, na hadi mwaka 2020 ndipo wasimamizi wa mbio wenyewe walipoanza kudai amana ya pauni 400 kwa kila mbwa anayesajiliwa, itolewe kwa nyumba ya hifadhi siku atakapoachishwa. Kwingineko watu wamechukua njia fupi zaidi. Wapiga kura wa Florida, jimbo lililokuwa na viwanja vingi kuliko majimbo yote ya Marekani, waliamua mwezi Novemba 2018 kwamba mbio zikome kabla ya mwaka 2021, nao walioafiki walikuwa takriban 69 katika kila mia. Na mwezi Desemba 2024 serikali ya New Zealand ikatangaza kwamba nayo itazifunga. Kila uwanja unapofungwa, mbwa wake hutawanywa kwenye majumba ya watu ambao hawajapata kumiliki hata paka.

Sasa tuje kwenye upole wenyewe. Greihaundi wa mbio hulelewa shambani pamoja na nduguze, kisha, akikaribia au akipita mwaka mmoja, huanza kufundishwa, na tangu hapo maisha yake yote ni ya banda: huamshwa, hulishwa, hutolewa nje na kurudishwa kwa saa maalumu, hupimwa uzito, hukandwa misuli, hufungwa mguu ukiteguka, hutazamwa namba iliyochorwa sikioni, huinuliwa na kutiwa katika kizimba cha kuanzia mbio na watu ambao hakuwachagua. Mbwa agombanaye na wenziwe uwanjani huondolewa mashindanoni, na amwumaye mtunzaji wake hana soko. Vizazi kwa vizazi, basi, waliobakizwa na kuzalishwa ni wale wastahimilivu, na kila mmoja wao akafunzwa kustahimili zaidi. Kwa hiyo familia inaposimama mbele ya banda la nyumba ya hifadhi na kumwona mbwa wa kilo 30 na zaidi akisimama kimya, akimwachia mtoto mgeni amshike masikio, isiharakishe kusema kwamba mbwa yule amefurahi. Labda amefurahi. Labda anafanya lile ambalo amelifanya maisha yake yote, yaani kungoja jambo lipite. Kustahimili si kuridhia, na anayezichanganya hali hizo mbili humtendea mbwa asiye na sauti dhuluma asiyoikusudia.

Mwili wake nao una mambo yanayotaka ujuzi. Hana akiba ya mafuta, ngozi yake ni nyembamba na huchanika kwa mwiba ambao mbwa wa shambani asingeuhisi, na baridi humpenya upesi, hata wale wamvishao koti wakati wa kipupwe cha Ulaya hawamfanyii madaha bali wanamsitiri. Moyo wake ni mkubwa kwa kulinganisha na umbo lake, na damu yake ina wingi wa chembe nyekundu kupita mbwa wengine, ndiyo maana madaktari wa wanyama humpenda sana awe mtoaji damu. Lakini wingi huo huo, akipimwa na daktari asiyeizoea jamii hii, huweza kudhaniwa kuwa ugonjwa, kama vile homoni ya tezi ya shingo, ambayo kwake kwa kawaida iko chini, hudhaniwa kuwa imepungua, akapewa vidonge visivyo na haja. La hatari zaidi ni dawa ya usingizi. Zile za zamani za aina ya thiopentali, zinazotegemea mafuta ya mwili na ini katika kupunguza nguvu zake, humlaza greihaundi muda mrefu mno, na mwenye mbwa hapaswi kuona haya kumwuliza daktari, kabla ya kisu, ni dawa ipi itakayotumika. Meno nayo yatazamwe, maana wengi hutoka mabandani wakiwa nayo mabovu, kwa sababu ya chakula laini walichokizoea.

Siku ya kumleta nyumbani ndiyo siku ambayo wenyeji huona ajabu kwamba mnyama mwenye adhama hiyo hajui nyumba ni nini. Hajapata kupanda ngazi. Atasimama chini yake akitetemeka, au, akivutwa kwa pupa, ataruka zote kwa mpigo mmoja na kujivunja. Dawa yake ni watu wawili, mmoja akimwekea miguu ya mbele kipago baada ya kipago na mwingine akimshikilia nyuma, taratibu, bila makelele. Mlango wa kioo kwake ni hewa, na kwa mbio alizo nazo hewa hiyo yaweza kumvunja shingo, basi bandika karatasi kwenye kimo cha macho yake hadi atakapojifunza. Sakafu iliyong'arishwa humfanya aende kama anayetembea juu ya samaki, naye akiteleza mara moja ataikataa sebule nzima. Mkeka mmoja kutoka mlangoni hadi mahali pake pa kulala humaliza ugomvi. Kioo cha kujitazamia, mashine ya kufulia, redio iliyowashwa ghafula, bomba linalolia ukutani usiku, vyote hivi havikuwako bandani, na kila kimoja lazima akizoee peke yake. Kuhusu haja, habari ni njema kuliko watu wanavyohofia, kwa kuwa alizoea kutolewa kwa saa zake na hapendi kuchafua alalapo. Ila hajajua bado kwamba nyumba nzima ni mahali pa kulala, na atajua iwapo atatolewa mara kwa mara na kusifiwa nje, si akigombezwa ndani.

Tena hajapata kuwa peke yake. Jambo hili husahauliwa zaidi ya yote, maana watu humwona ametulia wakadhani anapenda upweke, na kumbe tangu azaliwe amesikia pumzi za mbwa wengine gizani kila usiku. Atalia usiku wa kwanza. Nimesoma rai nyingi za kumwacha alie mpaka anyamaze, na sikubaliani na hata moja kati yake. Mtu mzima mmoja na atandike godoro karibu naye, kisha kila baada ya siku chache alisogeze mbali kidogo, na mchana watu wa nyumba wafanye mazoezi ya kutoka na kurudi, kwanza kwa muda wa kufunga mlango na kuufungua, kisha kwa muda wa kwenda dukani.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni huyu methali hiyo haifai, maana siku ya tatu bado hajala vizuri. Watu wa nyumba za hifadhi wana kanuni yao inayotajwa mara nyingi, kwamba katika siku tatu hofu ya kwanza hupungua, katika wiki tatu mwenendo wa nyumba hujulikana, na katika miezi mitatu ndipo mbwa huamini kwamba amefika. Usiichukue kama hesabu ya benki, lakini mwelekeo wake ni wa kweli, na faida yake kubwa ni kuzuia karamu. Jamaa na majirani hutaka kuja siku ya kwanza kumwona mbwa mkubwa, waambiwe wangoje.

Nje kuna mambo mawili. La kwanza ni kwamba huyu ni mbwa awezaye kufikia mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kwa saa baada ya hatua chache, na kwamba jicho lake likimwona paka au sungura mwisho wa uwanja, sikio lake halisikii tena jina lake. Kwa sababu hiyo hafunguliwi kamba mahali pasipo na ua, hata akiwa mtiifu namna gani, wala mkanda wake wa shingo hauwi wa kawaida, maana kichwa chake ni chembamba kuliko shingo na huchomoka kwa urahisi, bali ni ule mpana unaokaza kidogo anaporudi nyuma. Kama nyumbani mna paka, nyumba ya hifadhi iulizwe mapema, nayo iwajibike kumjaribu, kwani wako wanaoishi na paka kwa amani na wako ambao hawataweza kamwe. La pili ni lile la kusimama. Katikati ya matembezi greihaundi mgeni huganda, miguu minne ardhini, hatazami nyuma wala mbele, na mwenye kamba hudhani ni ukaidi, akavuta. Si ukaidi. Ameona mambo mengi kuliko anavyoweza kuyabeba, na hana njia nyingine ya kusema basi. Geuka naye, mpeleke upande mwingine, au simama naye tu mpaka atakapopumua.

Msomaji wa pwani hapa atakuwa na neno lake, na ni haki alitoe. Familia ya Waswahili iliyohamia Uingereza, ambayo watoto wake wamekua wakiwaona mbwa majumbani mwa wenzao wa shule, hujikuta ikiulizwa swali ambalo babu hakuulizwa. Wengi wa Waislamu wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo humhesabu mbwa kuwa najisi, na chombo alichotia ulimi huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Wamaliki, nao ni watu wa dini hiyo hiyo, humwona kuwa twahara. Wote wanazijua hadithi zinazokataza mbwa asiye wa kuwinda, wa mifugo wala wa shamba, na zinazosema malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Wote pia wanaijua ile ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake, na wanawajua Watu wa Pangoni, ambao mbwa wao alinyosha miguu kizingitini naye akatajwa pamoja nao. Karne ya 10 ilipokuwa changa, mwandishi wa Baghdad, Ibn al-Marzuban, aliandika kitabu kizima cha kumfadhilisha mbwa juu ya wengi wavaao nguo. Mimi si mufti, na kila nyumba ina sheikh wake wa kumwendea. Nimeyataja haya kwa kuwa nimeona watu wakiyakwepa mpaka mbwa amekwisha kufika, ndipo nyanya asiyeweza kuswali chumbani mwake anapoanza ugomvi, na mbwa akarudishwa. Swali hili liulizwe kabla. Kadhalika la pumu, la mwenye nyumba ya kupanga, na la nani atakayeshika kamba asubuhi yenye mvua, kwa maana si mtoto aliyemwomba.

Na kuhusu watoto ndipo upole wa greihaundi unapokuwa mtihani kwa wazazi, si kwake. Mbwa huyu hulala saa nyingi sana, na baadhi yao hulala macho yakiwa nusu wazi, hata mtoto akaapa kwamba yu macho. Akiguswa ghafula huzinduka akiwa bado uwanjani au bandani, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumrukia usingizini, na meno yake hutangulia akili yake. Kwa hiyo aitwe jina kwanza, kwa sauti, na mtoto angoje kichwa kiinuke. Kitanda chake kiwekwe mahali pasipopita watu, nacho kiwe haramu kwa kila mtoto, hata anayependwa mno. Kumkumbatia shingoni, jambo ambalo watoto huliona kuwa ndilo pendo lenyewe na wazazi hulipiga picha, kwa mbwa ni kubanwa. Atalivumilia mara kumi, akigeuza uso pembeni, akilamba pua, akipiga miayo isiyokuwa ya usingizi, na kila moja la hayo ni neno alilolisema kwa lugha yake akakosa wa kumjibu. Mfundishe mtoto kuyasoma hayo kabla ya kumfundisha mbwa kukaa chini.

Itafika siku, pengine mwezi wa pili au wa nne, mbwa yule aliyekuwa akikubali kila kitu atanguruma. Mtoto amemkanyaga mkia, au amemfuata chini ya meza akitafuna mfupa, na kutoka katika kifua kile kirefu itatoka sauti ambayo nyumba haijapata kuisikia, na mama atashtuka, na baba atainua mkono, na mmoja wao atasema kwamba wamedanganywa, mbwa si mpole. Mkono ule na ushuke. Kunguruma ni hatua iliyo kabla ya kuuma, na mbwa aadhibiwaye kwa kuonya hujifunza kuiruka hatua hiyo. Tena kwa mbwa huyu, ambaye bandani hakuulizwa lolote, sauti ile ina maana kwamba ameanza kuamini kuwa nyumba hii ina mtu wa kusikia. Mwondoeni mtoto kwa utulivu, mwacheni mbwa na mfupa wake, kisha mtu mzima akae afikiri kilichotangulia. Ikiwa alinguruma pasipo kukanyagwa wala kunyang'anywa, mathalani alipoguswa paja au taya tu, yafaa apelekwe kwa daktari wiki hiyo hiyo, kwa kuwa jamii hii hupatwa na saratani ya mifupa zaidi ya mbwa wengi, hasa uzeeni, na jino bovu nalo huuma kimya kwa muda mrefu. Na daktari aelezwe kila kitu tangu mwanzo, pamoja na namba iliyomo sikioni, tarehe aliyoachishwa mbio kama inajulikana, na dawa zote alizopewa na nyumba ya hifadhi.